Kinga ya rangi kwenye vibao vya mbao vilivyochongwa: mwongozo kamili wa kuichagua na kuitumia

Umechonga herufi vizuri, umepaka rangi nyeusi ndani yake, umengoja, na sasa unabandua taratibu stika uliyofunikia uso wa ubao. Inatoka yote. Unainama uangalie kwa karibu, na pembeni mwa kila herufi unaona vinywele vyeusi vimetambaa kwenye ubao mweupe, milimita tatu hadi nne, vyote vimelala upande mmoja. Hapo wengi wetu huilaumu stika. Tunaenda kutafuta nyingine inayoshika zaidi, tunarudia kazi, na vinywele vinarudi vilevile.

Viangalie tena. Vinafuata nyuzi za ubao. Kama nyuzi zimelala kutoka kushoto kwenda kulia, vinywele vinatoka kwenye kuta za kushoto na za kulia za herufi, ilhali ukuta wa juu na wa chini ni safi kama umekatwa kwa wembe. Ingekuwa rangi imepita chini ya stika, ingetambaa pande zote. Hii imepita ndani ya ubao, kwenye mirija ileile iliyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Biti yako, kile chuma cha kuchongea kinachozunguka, imeikata mirija hiyo na kuiacha wazi, na rangi ikaifuata. Stika inalinda paa, lakini mwizi ameingilia ukutani.

Kwa hiyo katika mwongozo huu utaniona nikirudi kwenye kuziba ubao, yaani kuupaka vanishi au kitu kama hicho kinachofunga vitundu vyake, kila mara, hata pale unapotarajia niseme habari za gundi. Kinga bora, yaani stika, tepu au chochote kinachofunika uso usishike rangi, kwenye ubao usiozibwa hushindwa na tepu ya kawaida kwenye ubao uliozibwa vizuri.

Kwanza, je, unahitaji kinga?

Kama herufi zimeinuka, yaani umeshusha ardhi ya kibao na kuacha maandishi juu, huna haja ya kufunika kitu. Paka ardhi yote, hata ukichafua juu ya herufi si neno. Ikikauka, chukua rola ndogo ya sponji yenye rangi kidogo sana, ipitishe kwanza kwenye kipande cha ubao mpaka ibaki karibu kavu, kisha itembeze juu ya herufi. Itagusa vilele peke yake. Kufunika herufi thelathini kwa tepu na wembe ni kazi ya nusu siku ambayo rola huimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa herufi zilizozama kuna njia nyingine isiyo na kinga: paka rangi mpaka imwagike kwenye uso, iache ikauke kabisa, kisha piga randa au msasa uso mzima mpaka mbao itokee. Kingo hutoka kali sana. Lakini njia hii ina mitego miwili. Kwenye mbao zenye vitundu vikubwa kama mwaloni, vumbi la rangi hujaa ndani ya vitundu na ubao hubaki kama umenyunyiziwa pilipili manga. Hapo randa au chuma cha kukwangulia ni salama kuliko msasa. Mtego wa pili ni hesabu ya biti ya V, ile yenye ncha iliyochongoka. Biti ya digrii 90 huchonga mstari ambao upana wake ni mara mbili ya kina. Ukiondoa nusu milimita ya uso, kila mstari unapungua milimita nzima. Mstari wa milimita nane hautaona tofauti. Vikonyo vyembamba vya herufi za mapambo, vyenye milimita moja na nusu, vitabaki theluthi.

Kinga basi ina kazi pale maandishi ni membamba, au mchongo ni wa juujuu, au ubao una vitundu, au uso wa kibao umeshapakwa rangi nyingine ambayo hutaki kuigusa, au unatumia rangi ya kupuliza.

Vifaa, kimoja kimoja

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa nitawapinga kidogo, maana vifaa hivi vinafanana machoni na vinatofautiana sana chini ya biti.

*Stika ya kufunikia rangi.* Hii ni vinili, utando wa plastiki, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa: nyembamba, laini, yenye gundi ya kubanduka. Inayojulikana zaidi duniani ni ORAMASK 813 ya kampuni ya Orafol ya Ujerumani, ya bluu inayopitisha mwanga, unene wa mikroni 80, yaani sehemu nane za mia za milimita. Faida yake kubwa ni kwamba inanyumbulika bila kuchanika. Biti kali inaikata ukingo safi, na wakati wa kubandua inatoka kwa vipande vikubwa badala ya kumeguka. Kwa kuwa inapitisha mwanga, unaona mapovu ya hewa na unaona michoro ya penseli iliyo chini. Kama unafanya vibao mara kwa mara, anza nayo.

Ila gundi yake ni pole kwa makusudi. Kwenye ubao mbichi wenye vumbi haishiki, na watu huitukana bure. Imetengenezewa uso laini uliozibwa.

*Stika ya kawaida ya matangazo.* Hapa soma lebo. Oracal 651 ina gundi ya kudumu. 631 ina gundi ya kubanduka. Ukiwa nazo zote mbili, 631 ndiyo ya kutumia kama kinga. Ya gundi ya kudumu hung'ang'ania hata visiwa vidogo vya herufi, yaani vile vipande vya stika vinavyobaki katikati ya herufi kama A, na kuna mafundi wanaoipenda kwa sababu hiyo, lakini kwenye mbao laini kama msonobari inaweza kuondoka na nyuzi za uso, au na vanishi ambayo haijakomaa. Mimi huitumia tu juu ya vanishi ngumu iliyokaa siku kadhaa, na kwa kazi ya siku moja.

*Plastiki ya kutandika rafu na makabati.* Ni rahisi kupata, na hapo sifa zake zinaishia. Gundi yake ni dhaifu na haina usawa, na unene wake hutofautiana. Inafaa kwa herufi kubwa za mistari minene ambapo kingo hazitafutwi kwa tochi. Kwa maandishi ya chini ya sentimita tatu, iache.

*Tepu ya karatasi ya mafundi rangi.* Ilibuniwa mwaka 1925 na Richard Drew wa kampuni ya 3M nchini Marekani, baada ya kuona wapaka rangi wa magari wakihangaika kupata mstari safi kati ya rangi mbili. Yaani ilizaliwa kwa ajili ya bati laini lililopakwa rangi, na karatasi yake ina mikunjo ili iweze kuvutika na kupinda. Mikunjo hiyo kwenye mbao ni vichochoro vidogo vya rangi. Chini ya biti karatasi huchanika na kuacha kingo zenye manyoya. Faida yake ni kwamba inashika hata kwenye ubao ambao haujalainishwa sana, na haiyeyuki kwa joto la biti. Tumia ile pana kadiri unavyoipata, maana kila kiungo cha tepu mbili ni hatari: pale moja inapolalia nyingine kuna ngazi ndogo, na chini ya ngazi kuna handaki. Panga viungo vipite katikati ya nafasi za mistari, visikatize herufi.

*Karatasi ya kuhamishia stika.* Wenye kukata stika wanaijua: karatasi pana yenye gundi, inayotumika kuhamisha maandishi yaliyokatwa. Ni tepu ya karatasi isiyo na mikunjo mikubwa na isiyo na viungo. Kwa ubao mpana ni mbadala mzuri, na kama unachonga kwa leza hii ndiyo chaguo lako. Usiweke stika ya vinili chini ya leza kamwe. Vinili ni PVC, na ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni ambayo inaunguza mapafu na kutia kutu mashine. Ruta, mashine ya kuchonga kwa biti, haina shida hiyo kwa kuwa inakata bila kuchoma. Vipande vya stika ulivyobandua navyo usivitie motoni pamoja na maranda.

*Raba nene ya kupigia mchanga.* Imetengenezwa kwa vibao vinavyochongwa kwa mchanga wa shinikizo, ambapo raba inabaki juu ya herufi na mchanga unakula ardhi. Kwa ruta ni nzito mno.

*Mpira wa majimaji,* yaani utomvu wa mpira unaopakwa kwa brashi na kukauka kuwa ngozi, ni wa nakshi zenye mabonde na vilima. Nitaurudia.

Hatua ya 1: Andaa ubao na uzibe vitundu

Piga msasa namba 120, kisha 150, kisha 180. Kwa mbao laini malizia na 220. Futa vumbi kwa brashi, halafu kwa kitambaa kikavu, halafu pitisha kiganja. Kiganja kikitoka cheupe, rudia, maana gundi ya stika itashika vumbi na kuuacha ubao.

Kama unataka kubadilisha rangi ya ubao kwa rangi ya kahawia inayonywewa na mbao, fanya sasa. Ubao ukishazibwa haunywi tena. Mbao zenye mafuta ya asili kama msaji zifutwe kwa asetoni au thina, ziachwe zikauke, zizibwe siku hiyohiyo. Mafuta ya kitani na ndugu zake hayana nafasi katika hatua hii. Hakuna gundi inayoshika juu yake.

Sasa ziba. Una njia tatu za kawaida: shelaki, sila ya msasa, au vanishi ya maji isiyo na rangi. Mimi napendelea shelaki. Ni utomvu wa mdudu ulioyeyushwa kwenye spiriti, inakauka upesi, haisimamishi manyoya ya ubao kama vitu vya maji vinavyofanya, na karibu kila rangi inaikubali. Tafuta ile iliyoondolewa nta, kwa sababu nta hufanya vanishi nyingi za poliyurethani zibanduke baadaye. Paka mkono mwembamba, yaani safu moja, ukauke, pitisha msasa 220 kidogo tu, paka wa pili. Ubao uwe na mng'ao hafifu, na tone la maji likiwekwa likae juu bila kuzama.

Subira ya hapa ina maana. Shelaki nyembamba huguswa baada ya nusu saa, lakini mimi huiacha ilale usiku kucha kabla ya kubandika kitu. Vanishi ya maji naipa saa 24, na ya mafuta siku mbili au zaidi. Ukibandika mapema, siku ya kubandua utatoka na stika na vanishi kwa pamoja.

Hatua ya 2: Jaribu kwenye kipande

Kipande cha ubao uleule, kilichopita hatua zilezile. Bandika kinga, kandamiza, chonga herufi mbili, paka, bandua. Chagua herufi yenye kisiwa, kama A au R. Nakuambia hivi nikijua kwamba wengi wataruka aya hii. Nami niliiruka kwa miaka.

Hatua ya 3: Bandika

Mabingwa wa stika za vioo hunyunyiza maji ya sabuni ili waweze kuisogeza stika. Kwenye mbao usifanye hivyo. Maji yatainua nyuzi na gundi haitashika.

Kata stika izidi ubao sentimita mbili kila upande. Bandua karatasi ya nyuma kwa upana wa vidole vitatu, shikisha ukingo huo, kisha endelea kuivuta karatasi chini kwa mkono mmoja huku wa pili ukisukuma stika kwa kipande cha plastiki kigumu kilichofungwa kitambaa. Sukuma kufuata nyuzi. Povu likibaki, litoboe kwa sindano na ulikandamize.

Ukimaliza, pitisha rola ngumu ya mpira kwa nguvu za mwili, na zaidi pale herufi zitakapokaa. Gundi za aina hii huamshwa na mgandamizo. Kisha iache saa moja au zaidi, kwa sababu inaendelea kushika kadiri inavyotulia. Lakini isikae wiki nzima, hasa juani: joto huigeuza gundi ya kubanduka ikawa ya kudumu.

Hatua ya 4: Chonga bila kuinua kinga

Biti iwe kali. Kuna kipimo rahisi: chonga mstari mfupi kwenye kipande na uangalie ukingo wa stika. Ukiwa umekatika kama karatasi kwenye mkasi, endelea. Ukiwa na nyuzi za plastiki zinazoning'inia au vishanga vilivyoyeyuka, biti imechoka au inazunguka mno mahali pamoja. Isafishe gundi iliyoganda, ongeza mwendo wa mashine au punguza mizunguko.

Biti ya V haina shida kubwa na kinga. Kwa mifereji yenye sakafu bapa, biti ya kawaida ambayo msokoto wake unavuta maranda juu huinua kingo za kinga pamoja na maranda. Tumia ile inayosukuma chini, walau biti inapopita mara ya kwanza. Maranda yatajaa kwenye mfereji, utayanyonya baadaye.

Unapopima sifuri, yaani mahali kina kinapoanza kuhesabiwa, kwenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, swali la kuweka sifuri juu ya stika au juu ya ubao huzua ubishi usio na sababu. Kwa stika ya mikroni 80 na biti ya digrii 90, tofauti ya upana ni kama sehemu 16 za mia za milimita. Ubao uliopinda utakuharibia zaidi ya hapo. Kwa raba ya milimita moja hesabu inabadilika: sifuri ikiwa juu ya raba, kila mstari unapungua milimita mbili. Hapo weka sifuri kwenye ubao.

Sasa visiwa. Chukua neno KARIBU. A ina kisiwa kimoja, R kimoja, B viwili: vipande vinne vya stika ambavyo, biti ikishazunguka, vinashikiliwa na gundi yake tu. Katika herufi za sentimita mbili, kisiwa cha juu cha B huwa hakizidi punje ya mchele. Bomba la kunyonya vumbi likipita karibu, kinaondoka, na brashi ya pembeni ya mashine hukifagia bila wewe kuona. Inua brashi hiyo kidogo, au zima unyonyaji wakati wa herufi ndogo. Kama unajua visiwa ni vidogo kiasi hicho, usipoteze muda kuvipigania: viache viondoke, paka rangi, kisha vikwangue kwa patasi nyembamba au mgongo wa wembe. Ubao uliozibwa unakubali kukwanguliwa.

Kwa wanaochonga kwa mkono, kata kwanza mpaka wa herufi kwa kisu chenye ncha, upite kinga na kuingia kidogo kwenye mbao, ndipo uingize patasi. Patasi ikianza bila mpaka huivuta stika kabla ya kuikata.

Hatua ya 5: Ziba tena, ndani ya mchongo

Hii ndiyo hatua inayoondoa vinywele vya mwanzo wa makala. Safisha mchongo kwa brashi laini, ukiisukuma kuelekea ndani ya herufi na si kuelekea ukingo wa kinga. Usipulize hewa ya shinikizo kwa pembe. Itaingia chini ya stika.

Kisha paka ndani ya mchongo kitu kilekile ulichozibia ubao: shelaki juu ya shelaki, vanishi juu ya vanishi. Paka mikono miwili myembamba, ya brashi ndogo au ya kupuliza. Kinafanya kazi mbili. Kinaziba mirija iliyokatwa, na kama kuna upenyo chini ya kinga, kinapenya chenyewe na kuufunga. Kilichopenya hakina rangi, hakuna atakayekiona. Rangi ikija inakuta mlango umefungwa.

Msonobari unaweza kudai mkono wa tatu kwenye kuta zinazokata nyuzi. MDF nayo, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, uso wake ni mgumu lakini tumbo lake linanyonya kama mkate, kwa hiyo mchongo wake pia uhesabie mikono mitatu. Kama umetumia vanishi ya maji, mkono wa kwanza utasimamisha manyoya ndani ya herufi; yaguse kwa kipande cha msasa kilichokunjwa, bila kugusa kingo.

Hatua ya 6: Rangi

Rangi ya maji ya akriliki ndiyo rafiki wa kinga. Rangi zenye thina kali zinaweza kukunja stika na kulainisha gundi, nazo huyeyusha baadhi ya vanishi za chini. Jaribio la hatua ya 2 litakuonyesha.

Ukitumia brashi, itoe kwenye kinga kuelekea ndani ya herufi, usiifanye izoe rangi na kuisukuma chini ya ukingo. Ukipuliza, simamisha kopo wima juu ya kibao, kwa mikono mingi myembamba. Ukipuliza kwa pembe, upande mmoja wa herufi unapata kivuli na mwingine unapata ziwa. Rangi nene ikijikusanya kwenye kona ya V haikauki kwa usawa, na ndiyo itakayonyofoka siku ya kubandua.

Hatua ya 7: Bandua

Wakati ndio kila kitu hapa. Akriliki ikikauka kabisa inakuwa ngozi moja iliyotandikwa kutoka ndani ya herufi hadi juu ya stika, na ukivuta stika unavuta ngozi yote. Ikiwa mbichi mno, inadondoka. Kipimo changu: kidole kikigusa hakichafuki, lakini ukucha ukikandamiza pembeni unaacha alama. Rangi za kupuliza hufika hapo upesi sana, kwa hiyo usiondoke. Rangi ya mafuta huchelewa. Bandua ikiwa imeacha kutiririka na bado inanata.

Anzia kona, ikunje stika ijilalie yenyewe, uvute chini karibu na ubao, taratibu, kufuata nyuzi. Ukivuta juu wima unainua vijiti vya ubao. Rangi ikianza kufuata, simama, pitisha ncha ya wembe kwenye ukingo wa herufi, endelea. Visiwa vitolewe mwishoni kwa sindano.

Stika iliyokataa ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele. Gundi iliyobaki iondoe kwa kuizungusha na kidole kwanza, kisha kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Niliwahi kufuta gundi kwa spiriti juu ya kibao nilichokiziba kwa shelaki. Kwa dakika moja shelaki ilirudi kuwa maji, ikabeba kingo za rangi, na kibao kilichokuwa kimebakiza vanishi ya mwisho kikarudi kwenye msasa namba 120.

Rangi mbili au zaidi

Usichonge kila kitu kisha uanze kufunika herufi moja moja. Chonga sehemu za rangi ya kwanza peke yake kupitia kinga, ziba, paka, bandua, acha rangi ikomae siku nzima au zaidi. Kisha tandika kinga mpya juu ya kibao chote, hata juu ya herufi zilizokwisha, na uchonge sehemu za rangi ya pili. Kibao kisisogee mezani, au kiwe na vigingi vya kukirudisha palepale. Njia hii haihitaji wembe hata mara moja, na rangi haziwezi kukutana.

Nakshi zenye mabonde na vilima

Ua lililochongwa, ndege, mzabibu unaozunguka fremu: hapo hakuna stika inayolala. Mpira wa majimaji ndio unaofaa. Ubao uwe umezibwa, vinginevyo mpira utaingia kwenye vitundu na hautatoka. Ichovye brashi kwenye sabuni ya maji kabla ya kuichovya kwenye mpira, la sivyo utaitupa. Paka mkono mnene wa kutosha. Ngozi nyembamba hukatika vipande vipande wakati wa kubandua. Inatoka kwa kusugua ukingo kwa kidole mpaka ujikunje, kisha unavuta. Ina harufu ya amonia, fungua madirisha, na mwenye mzio wa mpira asiiguse.

Gundi nyeupe ya seremala, ambayo wengine huitumia badala yake, siipendekezi. Wala mafuta ya mgando wala nta: vinazuia rangi, ndiyo, na vitazuia vanishi ya mwisho pia. Kwa sehemu ndogo za nakshi, mkono uliotulia na brashi nyembamba hushinda kinga zote.

Ikishaharibika, na vanishi ya mwisho

Vinywele vikiwa vimeshatokea, usikimbilie msasa. Utavisugua vizame zaidi. Chukua wembe mpya, usimamishe karibu wima, na ukwangue kuelekea nje ya herufi kwa kufuata nyuzi. Kama ubao ulizibwa, rangi imekaa juu ya vanishi na itatoka kama unga. Kama haukuzibwa, imeingia ndani, na lililobaki ni kushusha uso mzima kwa randa, ukikumbuka hesabu ya biti ya V, au kuchora mstari mwembamba wa rangi ileile kuzunguka kila herufi ili ionekane ulikusudia.

Vanishi ya mwisho ingoje rangi ikomae, akriliki siku moja au mbili. Mkono wa kwanza uwe wa kupuliza, mwepesi kama ukungu, hata kama mingine utapaka kwa brashi. Brashi iliyolowa ikipita juu ya rangi nyeusi ambayo haijafunikwa inaweza kuichota na kuiburuza hadi kwenye ubao mweupe, na hapo hakuna tena stika ya kukinga.